Mto Unaleta Udongo wa Wengine: Somo la Kikundi Kuhusu Matumizi ya Ardhi



Safari hii tunataka tuzungumze juu ya sheria na mipango ya matumizi ya ardhi. Wengi mkisikia maneno hayo mnasema, aa, hayo ni mambo ya wakubwa wa Nairobi, sisi tuachieni jembe letu. Hata sisi tulikuwa tukifikiri hivyo. Lakini jaribuni jambo moja. Tekeni gilasi ya maji ya Nzoia wakati wa mvua nyingi, mkaiache mezani mpaka jioni. Mtaona tope limelala chini. Tope hilo si la Bunyala. Limetoka milima ya Cherangani na Elgon, limetoka Trans Nzoia na Bungoma. Na nyuma ya tope hilo kuna uamuzi wa mtu: msitu uliofyekwa, mteremko uliolimwa bila matuta, mahindi yaliyopandwa mpaka ukingoni mwa mto.

Bonde la Nzoia ni kama kilomita za mraba 12,900. Maji yake yote yanapita mlangoni kwetu kabla ya kuingia ziwani. Kwa hiyo sheria ya ardhi inayotugusa sana sisi wa Budalang'i huenda isitaje hata jina la Budalang'i. Hiyo ndiyo sababu ya somo hili. Ukitaka kujua kama mpango wa ardhi unaleta maendeleo ya kudumu, usisome karatasi peke yake. Fuata maji, uone yanamfikia nani.

Mto ukifika kwenye tambarare unapunguza mwendo, na ukipunguza mwendo unatua mzigo. Zamani mzigo huo ulisambaa mashambani. Wazee wanaeleza jinsi watu walivyohamia kwenye miinuko, maji yakaondoka, wakarudi kupanda kwenye udongo mpya. Kisha, miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, yakajengwa matuta ya kuzuia mto, zaidi ya kilomita 30 ukijumlisha pande zote mbili. Matuta yalitusaidia sana, tusiyadharau. Watu walijenga, walilima, shule zikasimama. Lakini tope lililozoea kwenda mashambani sasa linabaki katikati ya matuta, na kitanda cha mto kinapanda. Tuta likikatika, maji hayaji polepole kama ya zamani. Yanaanguka. Tuliona hivyo mwaka 2003, tukaona 2007, 2008, na 2011. Mwaka 2020 ilikuwa vingine tena: ziwa lenyewe lilipanda likapita hata kiwango cha 1964, maji yakatujia kutoka nyuma, mahali ambapo hatukuwa tumeweka ulinzi.

Sasa tuulize swali la kwanza ambalo kikundi kinapaswa kuliuliza juu ya mpango wowote: nani anabeba gharama, na nani anakula faida? Chukueni kanuni za maji za mwaka 2007. Zilisema kando ya mto paachwe bila kulimwa, si chini ya mita 6 na si zaidi ya mita 30, kulingana na upana wa mto. Ni kanuni nzuri. Ikifuatwa kule juu, tope linapungua huku chini. Lakini mfikirie yule mama wa kule juu aliye na nusu eka, na nusu ya hiyo nusu iko kando ya mto. Akiambiwa aache mita zake, watoto wake wanakula nini? Faida ya mita hizo inakuja kwetu, hasara inabaki kwake. Basi atalima tu, ofisa akishaondoka. Sisi hatumlaumu. Kanuni isiyompa mtu miche ya miti ya matunda, majani ya kulisha ng'ombe, au kitu kingine cha kuvuna kwenye ukanda ule, itavunjwa kila msimu.

Wacha tuseme ukweli hata juu yetu wenyewe. Tuta la Nzoia nani analilima? Nani anachunga ng'ombe juu yake mpaka nyasi zikaisha na kwato zikalichimba? Mahali pengine watu wamelikata ili kupitisha mtaro au njia ya mitumbwi. Tulipoketi na kikundi kimoja karibu na mto, mzee mmoja alisimama akalaumu watu wa milimani kwa dakika nyingi sana. Mama mmoja akamwuliza kwa upole, "Baba, na ile mihogo yako iko wapi?" Watu walicheka, lakini mzee hakujibu. Mihogo ilikuwa juu ya tuta. Mtu akiing'oa, linabaki shimo.

Swali la pili: mwenye mpango akiondoka, kitabaki nini? Hapa tutazame majirani zetu wa kusini, kwenye kinamasi cha Yala. Kinamasi hicho ni hekta 17,500 hivi, na kinagusa Siaya na Busia pia. Kazi ya kukausha sehemu yake ilianza miaka ya 1960. Mwaka 2003 mabaraza mawili ya wilaya, la Siaya na la Bondo, yalikubaliana na kampuni ya Dominion kutoka Marekani ilime mpunga, kwenye eneo la hekta 6,900 hivi kwa miaka 25. Kulikuwa na waliopata kazi, na mchele ukauzwa. Kulikuwa na waliopoteza malisho na mahali pa kukata mafunjo ya mikeka. Kampuni ikaondoka kabla ya miaka hiyo 25 kwisha.

Jambo la kutufundisha ni hili. Mafunjo ya kinamasi yanachuja maji, yanashika tope, yanatunza samaki wadogo. Ziwa Kanyaboli lina aina za ngege ambazo zimekuwa adimu katika Ziwa Victoria. Ukihesabu magunia ya mpunga tu, na usihesabu mikeka, samaki na maji safi, hesabu itatoka nzuri, lakini si kweli. Na angalieni tena: mkataba ulifanywa na mabaraza mawili. Baraza la Busia halikuwamo, ingawa kinamasi hakijui mpaka wa wilaya. Hilo ndilo swali la tatu, nani aliitwa kwenye mkutano.

Siku hizi swali hilo lina nguvu ya sheria. Katiba ya 2010 iliondoa mambo ya ardhi ya amana, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema kaunti inaishika tu ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa, haiwezi kuiuza. Jamii ikishasajiliwa, mkutano wake wa watu wazima unachagua kamati ya watu 7 hadi 15. Na mwekezaji akija, mkataba wake unahitaji kukubaliwa na theluthi mbili ya watu wazima waliohudhuria mkutano wa jamii ulioitwa kwa ajili hiyo. Mtu mzima ni mtu mzima, awe mjane, awe kijana asiye na shamba. Lakini tusidanganyane: shamba lenye hati yako binafsi haliguswi na sheria hii, na mito na maziwa ni ardhi ya umma. Kule kinamasini, mpaka kati ya ardhi ya umma na ya jamii ndio wenyewe wenye ugomvi. Kikundi ambacho hakijasajili chochote kitakuja kubishana mikono mitupu.

Kuna pia mradi wa umwagiliaji wa Nzoia ya Chini, zaidi ya hekta 4,000 katika awamu ya kwanza, Siaya na Busia. Maji yake yanateremka kwa mfereji, tofauti na skimu ya zamani ya Bunyala ambayo inapandisha maji kwa pampu na bili ya stima inamla mkulima. Hiyo ni hatua. Maswali yetu matatu yaulizwe hapo pia.

Kazi ya kikundi ni hii. Tengeni alasiri moja. Waalikeni wazee wawili waliokuwa wakubwa mwaka 1964, na vijana. Chora mto ardhini kwa majivu. Weka punje za mahindi mahali watu wanapolima, mawe mahali tuta lilipokatika, majani mahali pa malisho na mafunjo. Kisha jadilini: Ni nani kati yetu analima juu ya tuta, na tutampa nini badala yake? Ni sehemu gani tunazotumia wote, na jina la nani liko kwenye karatasi zake? Wanawake walisema nini mara ya mwisho ardhi ilipogawanywa, au hawakuitwa?

Katibu ainakili ramani kwenye karatasi siku hiyo hiyo. Majivu hayangoji mvua.