Matumizi ya Video katika Kumwandaa Mtoto kwa Sindano na Tiba

Utangulizi

Miongoni mwa kazi anazokabidhiwa mwalimu wa shule ya msingi bila kuandikwa katika ratiba ni kuwaandaa watoto kabla wahudumu wa afya hawajafika shuleni. Mwanachuo atakayepangiwa mazoezi ya kufundisha katika kata ya Tangini, mjini Kibaha, hana budi kukutana na kazi hii. Mji huu umezoea kuziona elimu na afya zikikaa pamoja. Shirika la Elimu Kibaha, lililotokana na mradi ulioanza mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za Nordiki, lilijumuisha shule, mafunzo ya wakulima na huduma ya afya, na Hospitali ya Tumbi leo ni hospitali ya rufaa ya Mkoa wa Pwani. Hata hivyo, ukaribu wa hospitali haumwondolei mtoto hofu ya sindano.

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi video fupi inavyoweza kutumiwa darasani ili mtoto ajue mapema atakayoyaona, atakayoyasikia na atakayoyahisi. Tumechagua mfano wa chanjo ya kuzuia saratani ya shingo ya kizazi, kwa kuwa hutolewa shuleni. Mbinu zenyewe zafaa pia kwa mtoto anayepimwa damu, anayeng'olewa jino au anayesubiri upasuaji.

Kwa nini tumwandae mtoto?

Saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani zinazowapata wanawake wa Tanzania. Chanjo ya kuikinga ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikatolewa kwa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Msichana anayekimbia kupitia dirisha la darasa siku ya chanjo anapoteza kinga ambayo huenda asiipate tena kwa urahisi. Jambo hili si dogo.

Hofu ya mtoto ina vyanzo viwili. Cha kwanza ni kutojua: mtoto hajui sindano itaingia wapi, itakaa muda gani, wala maumivu yataisha lini. Cha pili ni uvumi. Pwani yetu inakumbuka habari za mumiani zilizoenea enzi za ukoloni, kwamba wako watu wanaochukua damu za wenzao ili watengeneze dawa. Uvumi wa siku hizi umebadili sura tu. Husema kwamba chanjo hii huwafanya wasichana wawe tasa. Neno hilo si kweli, lakini mwalimu asiyelijibu amelipa nafasi ya kukua.

Yaliyojifunzwa kutokana na filamu

Kutumia filamu kufundisha afya si jambo jipya kwetu. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri mkoani Tanga, L. A. Notcutt aliongoza mradi wa kutengeneza sinema za elimu, zikiwamo za malaria ya watoto na minyoo ya safura. Sinema hizo zilizungushwa kwa lori katika nchi za Afrika Mashariki na ya Kati. Katika masimulizi ya sinema za zama hizo limo la watazamaji walioonyeshwa mbu aliyekuzwa akajaa kioo chote, nao wakasema kwamba kwao hakuna mbu wakubwa kiasi hicho, kwa hiyo hawana la kuhofia. Liwe la kweli au la kutungwa, linatufaa: sindano iliyokuzwa ikajaa kioo itapimwa na jicho la mtoto kwa ukubwa huohuo. Basi ionyeshwe ikiwa mkononi mwa muuguzi, kwa umbo lake halisi.

Mwaka 1975 wataalamu wa saikolojia Barbara Melamed na Lawrence Siegel walitoa matokeo ya uchunguzi wao huko Marekani. Watoto 60 wa miaka 4 hadi 12 waliokuwa wakisubiri upasuaji waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilionyeshwa filamu ya mtoto wa miaka 7 anayelazwa na kupasuliwa. Kundi la pili lilionyeshwa filamu isiyohusu hospitali. Waliotazama filamu ya hospitali walikuwa na wasiwasi mdogo zaidi, kabla ya upasuaji na hata walipochunguzwa tena wiki kadhaa baadaye. Tukumbuke kwamba mtoto aliyeonyeshwa si shujaa asiyejua hofu. Anaogopa, anasema kwamba anaogopa, kisha anaimudu hofu yake. Mtazamaji hujiona ndani ya mtoto wa namna hiyo.

Funzo la tatu ni la hapahapa nchini. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafikia watu wazima wapatao milioni mbili kwa redio. Lakini redio haikuachwa iseme peke yake: watu walikaa katika vikundi, wakiwa na vijitabu na kiongozi aliyefunzwa, wakajadili waliyoyasikia. Video nayo ni zana kama redio. Anayefundisha ni mwalimu.

Kutayarisha zana

Video ya dakika tatu hadi tano yatosha. Ikiwezekana, irekodiwe kwa simu katika zahanati ya jirani, muuguzi akizungumza Kiswahili ambacho watoto wamekizoea. Pasipatikane mtoto wa kurekodiwa bila ridhaa yake, ya mzazi wake na ya mkuu wa kituo. Mambo yafuatane kama yatakavyofuatana siku yenyewe: kusubiri kwenye foleni, kuandikishwa, kukunja mkono wa nguo, kuchomwa sehemu ya juu ya mkono, na kukaa kwa dakika 15 chini ya uangalizi, kwa kuwa baadhi ya watoto huona kizunguzungu.

Shule isiyo na projekta itumie simu kwa vikundi vya watoto wanane wanane. Isiyo na umeme itumie picha za kuchora zilizopangwa kwa mfuatano, au igizo.

Hatua za somo (dakika 40)

1. Utangulizi, dakika 5. Mwalimu aulize: "Nani amewahi kuchomwa sindano? Ilikuwaje?" Asikilize bila kucheka wala kukemea.

2. Kuonyesha, dakika 10. Video ionyeshwe mara mbili: kwanza mfululizo, kisha kwa kusimamishwa, watoto wakitabiri kitakachofuata.

3. Majadiliano, dakika 15. Watoto waulize, nao wajibiwe kwa ukweli. Mtoto akisema, "Mwalimu, itauma?" jibu lisiwe "Haiumi hata kidogo." Jibu liwe: "Ndiyo, utahisi kama umechomwa na mwiba, kisha maumivu yatapungua. Mkono unaweza kuuma kidogo hadi kesho." Mtoto aliyedanganywa kuhusu sindano moja hatamwamini mwalimu wala muuguzi kwa sindano ya pili.

4. Igizo, dakika 7. Wawili wawili, mmoja awe muuguzi na mwingine mgonjwa. Wajizoeze kuvuta pumzi taratibu na kulegeza mkono.

5. Tathmini, dakika 3. Mtoto aeleze kwa mpangilio hatua tatu atakazopitia.

Wavulana wasitolewe nje. Wakibaki bila kujua, ndio watakaowadhihaki dada zao na kuusambaza uvumi.

Tahadhari

Kwanza, wakati. Watoto wadogo waonyeshwe karibu na siku yenyewe, wasije wakakaa na hofu kwa siku nyingi. Wakubwa wanaweza kuandaliwa wiki moja kabla. Pili, mtoto aliyewahi kuumizwa na tiba huenda akaamshiwa hofu na picha. Huyo azungumziwe pembeni. Tatu, video isitumiwe kama kitisho wala kama njia ya kulazimisha. Nne, maswali ya kitabibu yaliyomzidi mwalimu yapelekwe kwa muuguzi. Tano, wazazi waitwe nao waitazame, kwa maana uvumi mwingi huanzia nyumbani.

Hitimisho

Kumwandaa mtoto kwa tiba ni kumheshimu. Tunamwambia kwamba mwili ni wake na kwamba ana haki ya kujua utakachotendewa. Mwanachuo akijizoeza kusema ukweli kwa lugha nyepesi katika somo hili, atakuwa amejizoeza ualimu wenyewe.

Maswali ya kujadiliana

1. Andika andalio la somo la kumwandaa mtoto wa Darasa la Tatu anayekwenda kung'olewa jino.

2. Kwa nini mtoto wa kwenye video asionyeshwe kama asiyeogopa kabisa?

3. Mzazi amekuja shuleni akisema chanjo italeta utasa. Igizeni mazungumzo yake na mwalimu, mkizingatia heshima kwa mzazi na ukweli wa jambo.