Mgeni Aliye Nyumbani Mwako

Walimu wa Wayahudi wa kale wametuachia habari ya Hillel, mkuu wao aliyeishi Yerusalemu katika siku za mfalme Herode. Alipokwisha kuwafundisha wanafunzi wake alitoka nao njiani, nao wakamwuliza aendako. Akajibu kwamba anakwenda kumtendea fadhili mgeni aliye nyumbani mwake. Wakastaajabu: je, ana mgeni kila siku? Ndipo alipowaambia kwamba mgeni huyo ni nafsi yake, maskini, iliyomo mwilini leo, na kesho imekwenda zake. Mara nyingine alisema kwamba anakwenda kutimiza amri ya Mungu, na walipomwuliza ni amri gani, akawajibu: kuoga. Kwani sanamu za wafalme zilizosimamishwa penye viwanja vya michezo zilikuwa na mtu aliyewekwa kuzisugua, naye alipata posho na heshima kwa kazi ile. Seuze mwili wa mtu, ulioumbwa kwa mfano wa Mungu?

Habari hizi zimo katika Vayikra Rabba, kitabu cha mafafanuzi ya Mambo ya Walawi, nazo zaufungamanisha mstari wa Mithali 11:17, unaonena habari ya mtu mwenye fadhili kwamba aitendea mema nafsi yake mwenyewe. Twaanzia hapo kwa makusudi. Maana katika sharika wako watu wengi, na walimu hawakosekani miongoni mwao, wanaokesha kwa mgonjwa wa jirani bila kunung'unika, walakini nafsi zao wenyewe huzisemesha maneno ambayo wasingemwambia hata mwizi aliyekamatwa. Nao hudhani kwamba huo ndio unyenyekevu.

Neno alilolitumia Hillel ni hesed. Laonekana katika Agano la Kale karibu mara 250, na nusu yake hivi imo katika Zaburi. Biblia yetu hulifasiri mara nyingi kwa neno fadhili. Si huruma ya moyoni tu, ni wema unaotendwa, tena wema unaodumu kwa sababu ya agano. Talmudi yaeleza kwamba sadaka hutolewa kwa mali, bali hesed hutendwa kwa mali na kwa mwili pia; sadaka ni ya maskini, bali hesed ni ya maskini na ya tajiri; sadaka ni ya walio hai, bali hesed hutendewa hata wafu, kama vile kuwazika. Basi kama mzunguko wake ni mpana hivi, hata maiti asiyeweza kushukuru yumo ndani yake, kwa sababu gani mtu ajitoe nje yeye mwenyewe?

Lakini yako mashindano mazito zaidi juu ya jambo hili. Rabi Akiva, aliyeuawa na Warumi yapata mwaka 135, alifundisha kwamba amri ya Walawi 19:18, ya kumpenda mwenzi kwa kipimo cha kujipenda, ndiyo kanuni kuu ya Torati. Ben Azzai, mwenziwe, hakukubali. Akaushika mlango wa 5 wa Mwanzo, unaohesabu vizazi vya Adamu na kusema kwamba Mungu alimwumba mtu kwa mfano wake, akasema hapo pana kanuni kubwa kupita ile. Mtu asomaye kwa haraka atauliza: wabishania nini, nayo yote mawili ni maneno mema? Walimu waliofuata walilieleza. Ikiwa kipimo cha pendo ni mimi mwenyewe, itakuwaje nikiwa nimedharauliwa, nami nimejidharau? Nitasema: mimi nimeaibishwa, basi na mwenzangu aaibishwe pamoja nami. Pishi ikiwa imetoboka, kila apimiwaye hupunjwa.

Twaona ya kuwa Ben Azzai aliijua mioyo ya watu. Baba ajiitaye mjinga usiku kucha, asubuhi humwita mwanawe mjinga. Mwalimu asiyejisamehe kosa moja la usomaji hawezi kumvumilia mtoto anayegugumia. Watu hao si wakatili. Wanagawa kile walicho nacho. Ndiyo sababu Wayahudi hawakuitupa kanuni ya Akiva, bali waliiweka juu ya msingi wa Ben Azzai: sijipendi kwa kuwa mimi ni mwema kuliko wengine, bali kwa kuwa mfano wa Mungu umo ndani yangu kama ulivyomo ndani yao, wala sina ruhusa ya kuudharau popote ulipo.

Naye Rabi Nachman wa Breslov, aliyezaliwa mwaka 1772 na kufa mwaka 1810 katika mji wa Uman, nchi ya Ukraine, alilifanya jambo hili kuwa kazi ya kila siku. Kati ya mafundisho yake, lile lihesabiwalo la 282 hupendwa sana na wafuasi wake hata leo. Aanza na wengine: mtu ajapokuwa mwovu, tafuta ndani yake jema moja dogo, umhukumu kwa hilo, na kumhukumu hivyo kwaweza kumgeuza kweli. Kisha ajigeukia mwenyewe. Mtu anapojitazama, asema Nachman, huona kwamba hana jema lo lote, naye huangushwa katika huzuni nyeusi hata asiweze kusali. Asikubali. Sharti atafute mpaka apate tendo moja jema alilolitenda. Labda akilitazama vizuri ataliona nalo lina waa, maana alilitenda kwa kutaka sifa. Hata hivyo haiwezekani lisiwe na chembe ya wema ndani yake. Aishike chembe hiyo. Kisha atafute nyingine. Chembe hizo zikikusanywa, zafanana na sauti zilizochaguliwa kutoka katika kelele hata zikawa wimbo. Na mtu ajuaye kuzikusanya hivyo, ndani yake na ndani ya watu, huyo ndiye afaaye kuwaongoza wengine katika sala. Neno hili la mwisho walimu wetu walisome mara mbili. Nachman hakusema kwamba afaaye kuongoza sala ni yule asiye na waa.

Hapo wengine wataogopa kwamba mafundisho haya yatazaa ulegevu. Kwa Wayahudi sivyo. Mishna yasema wazi kwamba hata Siku ya Upatanisho haimwondolei mtu kosa alilomkosea mwenzake, mpaka amwendee na kumridhisha. Kujihurumia hakulipi deni la mtu mwingine. Zaidi ya hayo, katika Pirkei Avot mna onyo kwamba mtu asijihesabu mwovu machoni pake mwenyewe, naye Maimonides, aliyekufa mwaka 1204, alilieleza vema sana: ajionaye hafai kitu, hataona vibaya kutenda lisilofaa. Kanzu iliyokwisha kuchafuka haiogopi matope. Basi ulegevu watoka upande ule usiotazamiwa.

Sasa tuseme jinsi wanavyofanya siku hizi. Neno la Kiebrania lifasiriwalo kutafakari katika Zaburi ya 1 maana yake ni kutamka kwa sauti ya chini. Katika Isaya hutumika kwa mngurumo wa simba na kwa kulia kwa njiwa. Kwa hiyo kutafakari kwao ni kwa midomo pia. Huko Marekani, tangu miaka ya 1990 hasa, wako marabi na walimu waliochukua namna moja ya kutafakari ya Wabuddha, iitwayo metta, wakaijaza maneno ya Kiyahudi. Tusifiche asili yake. Walakini liko jambo la ajabu: neno la Kiingereza wanalolitumia kwa metta lilipatikana katika Biblia ya Miles Coverdale ya mwaka 1535, naye alilitumia kufasiri hesed. Kwa hiyo neno lilitoka kwa Wayahudi, likazunguka dunia, likarudi nyumbani kwao.

Mtu hukaa kitako mahali patulivu, akavuta pumzi taratibu, akatamka polepole baraka chache fupi: nilindwe, nipate neema, niwe na amani. Wengi huzitoa katika baraka ya makuhani, Hesabu 6:24-26, ambayo nasi twaijua kwa kuisikia mwishoni mwa ibada. Kwa Kiebrania ina maneno 15 tu: matatu, kisha matano, kisha saba, kama mto upanukao. Nayo hunena na mtu mmoja. Haisemi ninyi, husema wewe. Aliyeisikia miaka 30 akiwa katikati ya mkutano aweza asiwe ameipokea hata mara moja. Baada ya kujibarikia nafsi yake, humtaja ampendaye, kisha mtu asiyemjua sana, labda mwuza samaki wa sokoni, kisha yule anayemchukiza, mwishowe viumbe vyote.

Wako wanaoshindwa penye hatua ya kwanza. Wakitaka kujibarikia, koo hufunga, au hucheka, au hukasirika. Walimu wenye busara hawawalazimishi. Huwaambia waanze na mtu aliyewapenda walipokuwa wadogo, bibi au mjomba, wamtaje huyo, wambarikie siku nyingi kama ikihitajiwa. Kisha wamfikiri mtu yule yule amewaelekea wao, anawatamkia baraka ile ile kwa jina lao.