Sanamu Iliyobaki Barabarani

Tusome: Hesabu 21:4–9, 2 Wafalme 18:1–4, Yohana 3:14–15.

Nyoka wa shaba alitengenezwa na Musa jangwani kwa amri ya Mungu, ili walioumwa wamtazame wapone. Kazi ile ikaisha, jangwa likaachwa nyuma, lakini sanamu ikabaki. Baada ya miaka mamia watu walikuwa wakiifukizia uvumba, ndipo mfalme Hezekia akaivunja.

Sasa tuangalie kwetu. Wengi wetu tumepanda basi hapa Uyole tukafika Dar es Salaam, tukamwona yule askari wa shaba kwenye barabara ya Samora, bunduki mkononi na singe mbele. Mahali pale Wajerumani walikuwa wamesimamisha sanamu ya gavana wao, Hermann von Wissmann. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliiondoa. Baadaye ilisimamishwa Hamburg, na wanafunzi wa huko wakaiangusha mwaka 1968. Huyu askari aliwekwa mwaka 1927. Serikali iliyomweka iliondoka 1961. Yeye yupo, magari yanamzunguka.

Je, naye avunjwe? Sisi twaona hapana, wala si kwa uzuri wa shaba. Juu amesimama askari peke yake, lakini maandishi ya chini yanawataja wapagazi pia. Katika vita vya 1914–1918 watu wengi, na wa nyanda zetu hizi wakiwamo, walichukuliwa kubeba chakula na risasi. Waliokufa kwa maradhi na njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa bunduki. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, aliongoza kikosi cha wapagazi mwaka 1916, akatembea nao. Mwaka 1920 akaandika kuipinga serikali ya Kiingereza (naye Mwingereza!) kwa kuwafanyisha Waafrika kazi kwa nguvu.

Bwana Yesu alipozungumza na Nikodemo, nyoka yule alikuwa amekwisha kuvunjwa zamani. Habari yake ilikuwa ingali hai, naye akaitumia kueleza kuinuliwa kwake msalabani. Lakini habari za wapagazi wetu zinaweza kupotea hata kama shaba imesimama, maana wajukuu wao sasa ndio wazee, nao wanapungua.

Basi wiki hii kila mmoja aulize nyumbani: nani wa ukoo wetu alichukuliwa kubeba mizigo? Alirudi? Majina yatakayopatikana yaandikwe, apewe katekista, yasomwe kanisani Siku ya Marehemu Wote, tarehe 2 Novemba.