SOMO LA KAWI: Presha ya Sola Ikishuka, Usikimbilie Maji ya Bomba

Wakazi wa Kinangop, Ol Kalou na Ndaragwa wanaijua sakitu. Usiku ukiwa hauna mawingu, asubuhi viazi shambani huwa vimeungua kwa baridi. Baridi hiyohiyo hushambulia paneli za sola za kupasha maji. Paneli hupoteza joto kuelekea angani, hivyo maji yaliyomo yanaweza kuganda hata hewa ikiwa bado juu kidogo ya nyuzi sufuri. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na bomba hupasuka.

Kwa sababu hiyo, baadhi ya mitambo ina mzunguko uliofungwa. Ndani yake hupita maji yaliyochanganywa na glaikoli, yaani dawa ya kuzuia kuganda. Mchanganyiko huo hubeba joto kutoka kwenye paneli hadi kwenye koili ya tangi, bila kugusana na maji ya kuoga. Mtambo wa aina hii kwa kawaida huwa na pampu na geji ya presha. Ikiwa maji yako ya kuoga hupita moja kwa moja kwenye paneli, usitie glaikoli kamwe.

Kosa la kawaida

Presha ikishuka, wengi huongeza maji ya bomba. Tuchukue mtambo wa lita 10 wenye glaikoli asilimia 40. Ukivuja lita 2.5 na kujazwa maji matupu, glaikoli hubaki asilimia 30. Mara ya pili, 22.5. Mara ya tatu, karibu 17. Kinga iliyokuwa hadi karibu nyuzi 21 chini ya sufuri sasa imeshuka hadi karibu nyuzi 6. Dawa ya kuzuia kutu iliyomo nayo imepungua. Geji inaonyesha mambo ni sawa, kumbe mtambo unaharibika.

Ukaguzi wa kila mwaka

1. Fanya kazi alfajiri, paneli zikiwa zimepoa. Mchana mchanganyiko unaweza kupita nyuzi 100 na kukuunguza vibaya.
2. Soma geji na ulinganishe na kipimo alichoandika fundi. Ikiwa imeshuka, tafuta panapovuja na uzibe kwanza.
3. Toa kiasi kidogo kwenye chupa safi. Rangi ya kahawia au harufu kali ni dalili kwamba glaikoli imeungua.
4. Pima asidi kwa karatasi za pH. Ikiwa chini ya 7, mchanganyiko umekuwa asidi na unakula mabomba, badilisha wote.
5. Mwombe fundi apime nguvu ya kinga kwa refraktomita.
6. Ukiongeza, tumia aina ileile ya glaikoli kwa kiwango kilekile, kisha uandike tarehe kwenye tangi.

Hata bila kuvuja, glaikoli huchakaa. Pampu ikizimika jua likiwa kali, kwa mfano stima ikipotea, mchanganyiko hukaa kwenye paneli na kuungua. Mingi huhitaji kubadilishwa baada ya miaka 3 hadi 5.

Onyo kwa familia

Tumia propilini glaikoli iliyotengenezwa kwa mitambo ya sola. Usitumie kulanti ya gari. Nyingi huwa na ethilini glaikoli, ambayo ni sumu na ina ladha tamu inayowavutia watoto, mbwa na mifugo. Koili ikitoboka, sumu hiyo inaweza kuingia kwenye maji ya nyumbani. Mtu akiinywa, mkimbizeni hospitalini mara moja, hata kama haonyeshi dalili, na mbebe chupa yake.

Mchanganyiko uliotolewa usimwagwe mtaroni wala mtoni. Uweke kwenye mtungi wenye kifuniko na alama, mbali na watoto, kisha umpe fundi autupe ipasavyo.

Jipime

Je, mtambo wako una mzunguko uliofungwa? Mara ya mwisho uliongezwa nini, na lini? Kama hujui, mwite fundi aukague kabla ya sakitu kurudi.