Pajero Kuukuu? Usitume Pesa Kwanza
Umeona Pajero ya 1998 mtandaoni, bei poa, ya kukupeleka Suswa wikendi. Muuzaji anasema, “Tuma elfu ishirini nikushikie, kuna mtu anakuja kesho.” Usitume. Kenya hairuhusu kuagiza magari ya zaidi ya miaka 8, kwa hivyo gari hiyo imekuwa hapa kitambo na rekodi zake ziko NTSA. Itafute kupitia eCitizen, ulinganishe jina na kitambulisho cha muuzaji. Halafu nenda na fundi wako. Aingie chini akague kutu kwenye chesisi (rangi mpya huko, shuku!), mjaribu 4H na 4L kwenye udongo, si lami. Siku ya kulipa, soma jina kabla ya kuweka PIN. Si la mwenye logibuku? Katisha.