SOMO LA AFYA: MTOTO MWENYE MIGUU KIFUNDO



Mara nyingine mtoto huzaliwa na mguu mmoja, au yote miwili, imepinda kuelekea ndani. Kisigino kimepanda juu. Ukijaribu kuunyoosha mguu, haukubali. Hali hii huitwa miguu kifundo. Katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa, mmoja hivi huwa nayo.

Je, ni kosa la nani? Si kosa la mtu. Mama hakuvunja mwiko. Mtoto hakulogwa. Basi tusimlaumu mama, wala tusimfiche mtoto ndani.

Tiba ipo. Daktari Ignacio Ponseti aliianzisha Marekani, na sasa inatumika hata kwetu. Ina hatua tatu:

1. Plasta. Kila wiki mtaalamu huunyoosha mguu kidogo kidogo kwa mikono, kisha huufunga plasta ngumu, lile hogo. Hufanya hivyo mara tano au sita hivi. Vidole vikivimba, vikipoa au vikibadilika rangi, mrudishe mtoto hospitali siku hiyo hiyo.

2. Mshipa. Watoto wengi hukatwa kidogo mshipa wa nyuma ya kisigino. Mshipa huunga wenyewe ndani ya plasta ya mwisho, kwa wiki tatu.

3. Viatu. Mtoto huvaa viatu viwili vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma. Miezi mitatu ya kwanza huvaa usiku na mchana, huvuliwa saa ya kuoga tu. Baadaye huvaa wakati wa kulala, mpaka afike miaka minne au mitano.

Hapa kwenye viatu ndipo wengi tunakosea. Mtoto analia usiku. Baba anasema, "Mama watoto, mguu si umeshanyooka? Mvue hivyo viatu tulale." Mama anamvua. Miezi haipiti mingi, mguu unaanza kupinda tena, na plasta zinaanza upya. Kumbe kunyooka siyo kupona!

Mpeleke mtoto zahanati mapema, katika wiki zake za kwanza, wakupe barua ya kwenda hospitali. Wahenga walisema: Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto akitibiwa vizuri, atatembea, atacheza na atalima kama wenzake.

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Kwa nini tusimlaumu mama?
2. Mguu ukishanyooka, kwa nini viatu visiachwe?
3. Safari za hospitali ni za kila wiki. Kijijini kwetu tutamsaidiaje mama asiye na nauli?