Pesa za kikundi zisikae kwenye simu ya mweka hazina

Vikundi vingi mashinani huanza kwa kuaminiana. Mweka hazina hupokea michango kwa laini yake ya simu na kuandika majina kwenye daftari. Siku akifariki, laini ni ya jina lake, na wanachama hubaki kuomba pesa zao kwa familia iliyo matangani.

Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 inahitaji kikundi kiwe na wanachama wasiopungua 10 na katiba. Mkipata cheti, fungueni akaunti ya benki kwa jina la kikundi. Wekeni watia saini watatu, wawili wakihitajika kutoa pesa. Mume na mke wasiwe pamoja humo, hata kama ni waaminifu. Kila mchango uwe na risiti, hata wa shilingi 50.

Kila mwezi mwanachama asiyeshika pesa alinganishe daftari na taarifa ya benki. Hesabu isomwe mwanzoni mwa mkutano. Ikiachwa mwisho, wengi huwa washaondoka kuwahi matatu.